Nafasi ya Ukutani

Jumapili, 14 Januari

Binti yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia, hata kama ni kwa kunung'unika. Sisi hapa wazima. Mama yako anasumbuliwa na magoti, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiye utakayemwimbia sauti ya kwanza kwenye kwaya. Mimi sina neno, ila macho tu. Maandishi ya kitabu cha Misa yanazidi kuwa madogo kila mwaka na waliokichapa hawataki kukiri. Wewe hujambo? Mjukuu wangu anasoma? Msalimie na huyo Seremala.

Nakuandikia kichwa kikiwa kimevimba kidogo, unisamehe. Askofu ametuma maswali kwa kila kigango. Anataka waamini waseme juu ya maisha ya familia na nafasi ya wanawake katika Kanisa, na majibu yatasomwa kwenye mkutano wa jimbo mwezi wa Mei. Paroko akasema hapa kwetu kazi hiyo ni ya katekista. Basi Jumamosi nikawaita wanawake wote wa kigango, nikasimama mbele na chaki yangu, nikaanza na swali la kwanza.

Binti yangu, walijibu kwa sauti moja hadi njiwa wakaruka darini. Nikiuliza familia ni nini, wanajibu. Nikiuliza ndoa inawadai nini mume na mke, wanajibu. Hata Bibi Mishumaa, yule mzee anayeuza mishumaa pale mlangoni, alijibu neno kwa neno kama nilivyomfundisha kabla wewe hujazaliwa. Nasikia vigango vingine bado wanababaika. Sisi tulimaliza kabla jua halijapinda, na nimeandika juu ya karatasi: wanawake wote, jibu moja. Miaka thelathini ya kufundisha haikwenda bure.

Sasa la mtoto. Masomo ya komunyo ya kwanza anapata huko kwenu, lakini likizo ya Aprili mlete nimkamilishe mimi, na tarehe 16 Juni aipokee hapa, katika kanisa ulilobatizwa wewe. Utaratibu wetu unaujua: mtoto analetwa altareni na wazazi wake, mmoja kila upande, nao wanapokea pamoja naye. Hapo ndipo sijui tutafanyaje. Lile jambo la kupeleka kesi yako baraza la ndoa la jimbo bado linawezekana, ukikubali nitakusindikiza.

Usinijibu kwa simu. Simu ni ya misiba.

Baba yako, Mwalimu


Ijumaa, 2 Februari

Baba yangu,

Milele amina, na shikamoo. Sikunung'unika. Niliitikia kwa sauti humo humo ndani ya gari la shule ya udereva, mwanafunzi wangu akadhani nimemwambia afunge breki, tukabaki tumesimama katikati ya barabara tunapigiwa honi. Sisi wazima. Mtoto anaota meno yake makubwa na anajiona mzee. Seremala anaitikia salamu zako na anauliza magoti ya Mama yanahitaji kiti cha urefu gani, amtengenezee.

Baba, nimeisoma barua yako nikacheka mpaka nikashika mbavu, halafu nikajiambia nikunyamazie. Nimeshindwa. Mimi mwanao nina kichwa chako.

Wale mama walidhani ni mtihani.

Umewafundisha miaka yote kwamba Mwalimu akisimama na chaki akauliza, jibu ni lile la katekisimu, na anayekosea anabaki baada ya wenzake kuondoka. Sasa umesimama na chaki ile ile, ukauliza. Wangekujibu nini? Askofu anajua Kanisa linasema nini, Baba, yeye ndiye Kanisa lenyewe kwa sehemu kubwa. Alitaka kujua wao wanasema nini. Hapa shuleni ninao watu wanaozijua alama zote za barabarani, ukimuuliza mmoja wao usiku wa manane anakutajia. Mpe usukani, anaingia mtaroni.

Mtoto atakuja Aprili, na Juni atakuja tena. Mimi sitakuja. Unajua ninapokaa nikiwa kanisani kwako, tangu nilipofunga ndoa na Seremala kwa msajili nikazuiwa komunyo. Nakaa mwisho wa benchi, kule ukutani, ili watu wakiinuka kwenda kupokea wasilazimike kunipanda magoti. Chokaa ya pale ina alama ya bega langu. Jumapili ya kawaida nimezoea. Siku ya mwanangu, kumfikisha altareni halafu nifunge mdomo wenzangu wakifungua, hapana.

Na hilo baraza, nimekwisha kukueleza. Wanachunguza kama ndoa yangu ya kwanza haikuwa ndoa tangu mwanzo. Wapo ambao kwao ni kweli, na nawaombea wapate haki yao. Yangu ilikuwa ndoa. Wewe mwenyewe ulitufundisha, na mimi nilisema ndiyo kwa moyo wote, Mama akiwa analia kwenye kwaya. Aliyehamia kwa mwanamke mwingine na kuniacha na mtoto mgongoni ni yeye. Siwezi kuapa kwamba siku ile sikumaanisha nilichosema. Wewe ndiye uliyenilea nisiseme uongo, sasa vumilia.

Mbusu Mama magoti yote mawili.

Binti yako


Jumatatu, 12 Februari

Binti,

Tumsifu Yesu Kristo. Wazima.

Barua yako niliisoma mara moja nikaitupa juu ya kabati. Ikakaa huko. Mama yako akawa anafagia chini ya kabati kila asubuhi huku ananiangalia, mwisho nikaishusha.

Hakuna aliyewahi kunisahihisha kwa habari ya maswali na majibu. Nilikwenda sokoni kwa Mama Mizani, yule anayeuza nafaka, nikamuuliza kama siku ile alidhani ni mtihani. Akaniuliza, "Kwani tumefaulu?" Nikawauliza wengine. Wote ni hivyo hivyo. Wawili wanataka kujua vyeti vitatoka lini.

Jumamosi iliyofuata nikawaita tena. Nikawaambia, leo semeni ya kwenu, ya moyoni. Kanisa likawa kimya mpaka nikawa nasikia saa yangu ya mkononi. Mwishowe Bibi Mishumaa akaniambia kwa huruma kabisa, "Mwalimu, wewe anza sentensi, sisi tutamalizia."

Sipendi kukuuliza hili. Hao watu wako wa alama za barabarani, unawafanyaje mpaka waendeshe?

Baba yako


Jumatano, 21 Februari

Baba yangu,

Milele amina na shikamoo nyingi. Huku wazima, mafua tu yanatuzunguka, yakitoka kwa mtoto yanakwenda kwa Seremala, yakimchoka yanakuja kwangu.

Sijawahi kuulizwa swali na wewe ambalo jibu lake hulijui. Nimelisoma mara nyingi, nikamsomea na Seremala. Nimejiona mtu mkubwa.

Nitakuambia ninavyofanya. Gari letu la kufundishia lina breki ya pili upande wangu. Mwanafunzi akiona mguu wangu uko pale juu yake, haendeshi. Hata nisipoikanyaga, macho yake yako kwenye kiatu changu. Siku anayoanza kuendesha kweli ni siku ninapokunja miguu, nikageukia dirishani, nikanyamaza. Anatetemeka, anakosea gia, gari linaruka kama limepandwa na mashetani, na mimi nasema tu "endelea". Ni kazi ngumu kuliko kufundisha.

Ile chaki ni mguu wako juu ya breki, Baba. Iache. Kaa benchi la nyuma. Mtu akikosea jina la mtakatifu, meza mate. Mwombe Mama afungue kikao. Na usiandike usoni mwao, andika ukiwa umeinama.

Mwenye shule amenipa wanafunzi wanaojifunza malori, tangu wiki iliyopita. Mwanamke hajawahi kupewa hao. Nimewaambia wenzangu ualimu ni wa ukoo.

Mtoto anauliza siku ya komunyo nitasimama kulia kwake au kushoto. Nikamwambia nitakuwa kazini. Akanijibu kwamba Jumapili hakuna anayejifunza gari. Sijui kichwa hicho kakitoa wapi.

Binti yako


Jumatatu, 18 Machi

Binti yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini mafua yamepata nyumba nyingine. Sisi wazima, ingawa ukimaliza kusoma utaona kwamba uzima wetu ni wa namna yake.

Nilifanya ulivyosema. Chaki nilimpa mama yako, akaitia mfukoni mwa gauni lake na kuifunga kwa pini, eti nisiichomoe. Nikakaa benchi la mwisho. Mama yako akawaambia, "Leo Mwalimu ni abiria." Wakacheka. Sikucheka, lakini niliona wamelegea.

Mama Mizani ndiye aliyeanza. Akasema kila Askofu akija wao wanapamba, wanafua nguo za altare, wanapika, na halmashauri ya kanisa ikikaa kuamua jambo wao bado wako na masufuria, wanaletewa uamuzi pamoja na vyombo vichafu. Akasema hataki kuwa padre, anataka kukaa kwenye kile kikao kabla sahani hazijarudi. Yule mwalimu kijana wa shule ya msingi akasema yeye angependa mwanamke naye ahubiri. Mwenzake akamjibu kwamba yeye hajali nani anahubiri, bora amalize mapema.

Kisha akasimama fundi cherehani, yule mwenye kovu kwenye nyusi. Akasema, "Mimi nilikaa nikipigwa miaka na miaka kwa sababu nilidhani kuondoka ni dhambi. Nilipokimbia ndipo nikaambiwa pembeni, kwa sauti ndogo, kwamba Kanisa halijawahi kumlazimisha mtu akae apigwe. Kama mnalijua hilo, kwa nini mnalinong'ona? Lisomeni kwenye mimbari." Na kweli tunalijua, binti yangu. Mimi ndiye niliyemnong'oneza.

Bibi Mishumaa hakupendezwa. Akasema, "Msilegeze kitu. Mume wangu alikuwa mtu wa taabu, na kilichonishika ni kiapo changu. Mkikilegeza leo, mtakuwa mmeniambia niliteseka bure." Wengine wakaguna. Mama yako akawaambia wamwache aseme, hakuna jibu la kukosea humu. Nikaandika na hilo kama alivyolitamka.

Nilidhani tumemaliza. Nikawa nafunika kalamu. Mama yako akashika mgongo wa benchi, akasimama vizuri juu ya hayo magoti yake, akasema:

"Mimi sijapokea komunyo tangu binti yangu alipoanza kukaa ukutani. Naimba, nasali, kisha nakaa. Sikusema ili nisimwaibishe Mwalimu. Simfundishi Baba Mtakatifu kazi yake. Ninachosema ni kwamba mezani kwangu sijawahi kula mtoto wangu akinitazama."

Unajua tunavyopanga. Mimi nasimama na Paroko mbele nikishika patena, kile kisahani cha komunyo, na kwaya inakomunishwa na mhudumu mwingine kule kwenye kinanda, nyuma ya nguzo. Kwa hiyo sikuwahi kuona. Kwaya nzima ilijua. Wanawake wote walijua, nyuso zao zilionyesha. Katekista peke yake ndiye aliyekuwa hajui, na huyo ndiye anayelala naye kitanda kimoja.

Sikusahihisha. Niliinama nikaandika neno kwa neno, na mwandiko unasomeka. Nimekuwa na fahari na wanawake hawa tangu siku walipojibu kwa sauti moja. Siku hii walijibu kila mmoja lake, na fahari niliyoisikia sijui niiweke wapi. Na niliumia. Vilikuja pamoja.

Baba yako


Jumatatu, 25 Machi

Baba yangu, na Mama yangu,

Milele amina. Shikamooni.

Barua yenu ilinikuta kazini. Nikaisoma tukiwa tumeegesha, mwanafunzi akiwa kwenye usukani, na nilipofika pale kwa Mama nikalia hadharani. Yule kijana wa watu akajua amefeli. Ilibidi nimwambie amefaulu, sasa sina hakika kama amefaulu kweli.

Baba, mwambie Mama sikumwomba hilo. Mwambie Jumapili hii aende akapokee, mwanawe anamwamuru. Halafu umwambie kwamba hakuna mtu amewahi kunifanyia jambo kubwa namna hiyo, na kwamba nilipokuwa nimeegemea ukuta ule nikijiona niko peke yangu duniani, kumbe tulikuwa wawili. Nina hasira naye na nina majivuno, na Seremala ameniambia niache kutembea kama mke wa waziri.

Nina swali moja. Kwenye mkutano utayasoma yote?

Ukiona litakuaibisha, hilo la Mama liondoe. Sitakulaumu, umelitumikia kanisa hilo kabla sijajua kutembea. Ila utakayoyasoma, usiyatie sukari.

Mtoto nitampandisha basi tarehe 6. Anakuja na maswali yake, jiandae.

Binti yenu


Jumapili, 28 Aprili

Binti yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Mtoto mzima, amenenepa, na mama yako amemfundisha sauti ya pili. Atarudi Jumanne. Sala zote anazijua. Jana aliniuliza kama Yesu kwenye karamu yake ya mwisho aliwauliza mitume wameoa kwa nani. Nikamwambia arudie kwanza ile sala ya kutubu. Akarudia bila kosa, kisha akaniuliza tena.

Mama yako amekataa amri yako. Anasema wewe unaamuru madereva.

Paroko ameyasoma majibu yetu. Ni kijana mwema, huwa anaogopa kelele tu. Akasema, "Mwalimu, ni mazito," akamwachia Mwenyekiti wa halmashauri. Mwenyekiti akaja mpaka nyumbani, akakaa kwenye kiti changu. Akaniambia siku hiyo hiyo ya mkutano Askofu ananipa nishani ya miaka thelathini ya ukatekista. "Utaipokeaje," akaniuliza, "wakati umetoka kuwatangazia mapadre wote wa jimbo kwamba mke wako mwenyewe hapokei komunyo? Watasema nyumba yake imemshinda. Tuandike tu kwamba wanawake wa kigango chetu wanaomba maombi zaidi." Ameniachia karatasi aliyokwisha kuiandika. Ina mistari michache, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Nimemuuliza mama yako. Akasema kanzu ni yangu, mwenye kusimama ni mimi, na yeye kazi yake ni kuipiga pasi.

Mkutano ni tarehe 18 Mei. Zamani ningekuandikia jibu. Leo nakuandikia kwamba sijui. Ninapenda nishani ile, binti yangu, nisikudanganye. Nimeingoja. Na nikiikunja karatasi ya wanawake nikaiweka mfukoni pamoja na ile ya Mwenyekiti, zinakuwa nyepesi sawasawa.

Msalimie Seremala. Mtoto anamwita Baba. Nilimsikia, na sikumsahihisha.

Baba yako


Jumapili, 2 Juni

Baba yangu,

Milele amina, ingawa safari hii hukunianza kwa salamu. Shikamoo. Sisi wazima.

Mkutano umepita na sijaona barua. Nimekupigia simu mara mbili, najua ni dhambi. Mama akapokea, akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna. Akasema, "Baba yako atakuandikia," akakata.

Basi nitasema mimi. Kama hukuyasoma, wewe ni baba yangu. Kama uliyasoma nusu, ni baba yangu. Mwanamume wa umri wako aliyekubali kunyang'anywa chaki na kukaa benchi la nyuma amekwisha kunitosha, na nimekusimulia kwa kila mwanafunzi aliyeshika usukani wangu mwaka huu. Usinifiche uso kwa sababu ya karatasi.

Mtoto atafika Ijumaa tarehe 14 pamoja na Seremala. Gauni lake jeupe limeshonwa, linamfika kwenye kifundo, amekataa lifupishwe. Mimi nabaki huku. Mwekee mkono begani wewe, upande ule ambao ningekuwa mimi.

Binti yako


Ijumaa, 7 Juni

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Ni mimi mama yako, usishtuke kuona mwandiko ambao haukuzoea ubao. Hatujambo wote. Magoti yako pale pale. Kiti cha Seremala kilifika, nimekikalia hapa ninapoandika, mwambie urefu ameupatia.

Baba yako anakaa mezani na kalamu kila siku tangu mkutano. Anaandika "Binti yangu mpendwa", kisha anainuka kwenda kutengeneza bawaba ya mlango ambayo haijaharibika. Nimemuuliza ana nini. Anasema mtu hawezi kujisifu mwenyewe, na akiieleza ile siku kama ilivyokuwa itakuwa ni kujisifu. Basi nitamsifu mimi, yeye akale bawaba zake.

Mimi nilikuwepo, ingawa si ukumbini. Wanawake wa vigango vyote tulikuwa jikoni tunapikia mkutano. Dirisha letu linatazama ukumbi, na vipaza sauti vilikuwa vikali, kwa hiyo tulisikia kila kitu huku tunakoroga. Vigango vitatu vilitangulia, na vyote vitatu vikasema wanawake wao wanaomba maombi zaidi. Mama Mizani akasema kwa maombi haya tutafika mbinguni kabla wali haujaiva.

Kisha akaitwa baba yako. Kanzu nilikuwa nimeipiga pasi mwenyewe, ilisimama kuliko yeye. Akaingiza mkono mfukoni akatoa karatasi mbili. Akatazama moja, akairudisha. Akasema, "Baba Askofu, mara ya kwanza niliwapa mtihani, wakafaulu wote. Mara ya pili niliwasikiliza. Nitasoma ya mara ya pili." Akasoma. La Mama Mizani lote, na mwenyewe akiwa kando yangu na mwiko umesimama hewani. La fundi cherehani, na alipofika pale kwenye kunong'ona akapaza sauti. Akasoma na la Bibi Mishumaa, polepole, kwa heshima, hata kama wengi mle hawakulipenda na wengine walilipenda hilo peke yake.

Halafu akasema, "La mwisho ni la mke wangu." Jikoni miiko yote ikatulia. Mwanangu, alilisoma kama nilivyolisema, hakupunguza hata sauti. Padre mmoja nyuma akasema hayo ni mambo ya nyumbani. Baba yako akamgeukia, akasema, "Ndiyo, Padre. Baba Askofu ameuliza habari za nyumbani."

Askofu akauliza huyo mke yuko wapi. Baba yako akajibu, "Jikoni, Baba Askofu. Ameshika mwiko." Ukumbi ukacheka, halafu kicheko kikakatika, kila mtu akawa anatazama lile dirisha letu, na sisi tumesimama pale na aproni zetu tunawatazama.

Askofu hakuahidi kitu, nisikudanganye. Alisema mafundisho hayabadilishwi ukumbini, ila karatasi ile ataipeleka mbele kama ilivyo, haitafupishwa. Akaomba apewe mkononi. Wanawake tukaitwa tuingie tukae mpaka mwisho. Chakula kikachelewa, na hakuna aliyelalamika kwa sauti. Nishani baba yako alipewa. Ameitundika kwenye msumari karibu na taulo.

Nimeishi na mtu huyu tangu nikiwa msichana. Nimemwona akifundisha, akizika, akibishana na wachapaji wa vitabu. Siku ile nilimtazama kupitia dirisha la jikoni, nikamwambia Mama Mizani, yule ni mume wangu. Akasema anajua. Nikamwambia tena.

Tulirudi nyumbani, na tulipofika kwenye lango akasema, "Mwenzangu, umefunga miaka sita peke yako. Jumapili nenda ukapokee, mimi nitashika zamu." Nikamwambia katekista hawezi kufanya hivyo. Akasema zamu haiulizi cheo. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Jumapili nikainuka na magoti yangu nikaenda, na nilipofungua mdomo sikuweza kuimba wimbo uliofuata, wenzangu wakanibebea sauti.

Yeye alipomaliza kumshikia Paroko patena alishuka altareni, akapita katikati ya watu wote na kanzu yake nyeupe, akaenda kukaa mwisho wa benchi letu, ukutani, pale penye alama ya bega lako. Hakupokea. Paroko alipomuuliza baadaye, alisema yeye anamngoja mtu. Jumapili zote tangu hapo ni hivyo hivyo. Bibi Mishumaa amemgombeza, na bado anamwekea mshumaa mmoja bure.

Sasa sikiliza la tarehe 16. Mtoto ataletwa altareni na wewe na mkwe wetu, mmoja kila upande. Ni baba yako aliyesema mkwe wetu, si mimi. Mtoto atapokea. Ninyi mtarudi naye kukaa. Siyo yote tuliyoomba, na huenda mengine mimi sitayaona. Ila usiniambie tena habari ya kukaa ukutani, maana nafasi ile imekwisha kuchukuliwa. Baba yako ni mpana, ile alama yako ameshaifuta yote na chokaa imemhamia kwenye kanzu, kila Jumatatu naifua.

Siku hiyo kwaya nitaiacha, na wewe itabidi ukae kati yetu. Watu wakiinuka watakupanda magoti, na wewe yakunje kidogo wapite.

Mama yako